Kibao cha Mama Kinaishia Sura ya Kwanza

Ujerumani, Jumatatu, baada ya zamu

Kwako Doto, pacha wangu,

Nianze kwa kujibu kile ambacho ungeuliza kwanza: mimi ni mzima, nakula, nalala kiasi, na baridi ya huku bado haijaniua. Na ninyi je? Wifi Neema mgongo umepata nafuu? Watoto wanakwenda shule bila kusukumwa? Mvua zimeshanyesha Ipuli au bado mnatazama mawingu? Mama simuulizii, maana habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu, na nitazifikia sasa hivi.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu unayeongea naye kila Jumapili. Sikiliza vizuri, Doto. Barua hii usiisome sebuleni. Usimpe Neema akusomee huku wewe unakata kitambaa, kama ulivyozoea. Nenda nayo kibandani kwako Ng'ambo, kaa nyuma ya cherehani, uisome peke yako mpaka mwisho. Simu yenu mnaiweka spika ili Mama naye asikie, na meseji zako wanao huzisoma kwa sauti kama matangazo ya redio, hivyo sikuwa na njia nyingine. Nimempa barua Masanja, yule mwenzetu wa Nzega ninayefanya naye kazi. Anakuja likizo na ameniahidi atapita Tabora kabla hajafika kwao. Ndani ya bahasha utakuta chokoleti, na ndani ya karatasi ya chokoleti kuna memori kadi ndogo. Chokoleti ni ya watoto. Kadi usiichomeke popote kwanza. Popote, Doto. Nakujua.

Habari yenyewe ni hii: Mama hasomi kitabu cha Baba. Hajakisoma hata siku moja.

Nitaanza mwanzo, na unisamehe nikirudia unayoyajua. Nikiwa na wasiwasi siwezi kusimulia jambo kuanzia katikati, na wasiwasi nilio nao sasa umenifanya nimwage chai ya wazee mara mbili wiki hii.

Unakumbuka Baba alipostaafu ualimu pale Isikizya hakutaka kufuga kuku wala kufungua duka kama wenzake. Alikaa na karatasi zake akaandika habari za babu yake, Babu Mihambo, aliyekuwa mpagazi akibeba pembe za ndovu za watu kutoka Tabora kwenda pwani. Akampelekea yule dada wa steshenari akamchapia yote kwenye kompyuta. Kisha Baba akatutoka kabla kitabu hakijapigwa chapa, na faili likabaki kwenye flashi, na flashi nikaja nayo mimi huku. Mama akasema atakisoma moyo ukitulia. Moyo ulipoanza kutulia, macho nayo yakaanza kwenda.

Yale aliyokuambia daktari uliniambia bila kuficha, na nakushukuru. Presha ya macho imekwishachukua jicho la kushoto, na la kulia limebaki kama anachungulia ndani ya bomba. Upasuaji wa mwezi ujao ni wa kuokoa kilichobaki. Kilichopotea hakirudi, na hata hicho kilichobaki hakuna wa kukuahidi. Mama alipoelezwa hayo hakulia wala hakuuliza swali. Alisema kitu kimoja tu, na uliniweka kwenye simu nikamsikia kwa masikio yangu.

"Kabla hawajaligusa jicho hili, nataka nisome kitabu cha baba yenu. Msinisomee. Nataka tukae mimi na mume wangu, wawili tu."

Ndiyo kazi niliyojipa, Doto. Sikujua ingekuwa ngumu hivi.

Mara ya kwanza nilimtumia kwa simu faili la PDF. Nilijiona hodari. Sikujua kuwa PDF ni kama picha ya ukurasa: ukikuza herufi, mstari wote unatoka nje ya kioo, inabidi uuvute kulia ndipo uumalize, kisha urudi kushoto kuutafuta wa pili. Wewe na mimi tungeweza. Mtu anayechungulia ndani ya bomba, akishauacha mstari haupati tena. Neema aliniambia Mama alihangaika na ukurasa mmoja tangu chakula cha mchana mpaka wanafunzi wanarudi, kisha akaiweka simu mezani na kusema ahsante.

Hapo nikakumbuka wazee wa hapa kazini. Nyumba hii ninayowatunza ina wazee wenye macho mabovu kuliko ya Mama, na wanasoma riwaya nene. Wanatumia vile vibao vya kusomea, herufi unazikuza ziwe kubwa kama za bango la dukani na maneno yanajipanga upya yenyewe, mstari hautoki nje. Mandhari unaweza kuyafanya meusi na maandishi meupe. Nikanunua kimoja, nikakituma, na Mama akakipokea akakiita kibao, kama vile vibao vya chaki walivyoandikia wakiwa watoto. Na wewe, kwa desturi yetu mapacha ya kutopewa mmoja peke yake, ukaniuliza cha kwako kiko wapi. Bado nakucheka.

Lakini kibao hakisomi kila kitu. Nilitengeneza faili la aina nyingine, EPUB, kwa sababu ndiyo aina inayokubali kukuzwa. Nililijaribu kwenye simu yangu, likafunguka vizuri. Ukalihamishia kwenye kibao, kikasema hakilitambui. Nikasoma mitandaoni, nikauliza, nikaambiwa kibao kile kina programu ya zamani. Nikakuelekeza ukaweka programu mpya, kikalitambua, ila maneno ya Kinyamwezi yakaja na visanduku vitupu. Zile herufi ambazo Baba aliziwekea alama zake za kimwalimu, kibao hakikuwa nazo. Zile nyimbo zote za wapagazi zikawa visanduku, visanduku, visanduku. Nikazifunga herufi hizo humo humo ndani ya faili, nikakutumia tena. Unakumbuka siku hiyo simu ilikatika mara ngapi. Mwishowe ukachoka, ukasema unampelekea fundi wa kompyuta jirani na kibanda chako. Jioni ukaniandikia neno moja: "Imekubali."

Doto, ndugu yangu, wewe kila kitu kwako kimekubali. Suruali ya mteja inambana mpaka hawezi kukaa, unamwambia imekubali. Nilipaswa kukuuliza: imekubali mpaka ukurasa wa ngapi? Lakini na mimi nilikuwa nimechoka, na nilitaka sana kuamini.

Tangu hapo, kila Jumapili nikawa namuuliza Mama amefika wapi. Naye ananisimulia. Anasema, leo nimefika pale Babu Mihambo alipochaguliwa na mnyampara, mkuu wa msafara. Leo nimefika pale walipopigiwa ngoma ya kuondoka. Mimi huku nina faili langu wazi mbele yangu, namfuata, na kila alichosema kilikuwemo, kwa mpangilio ule ule. Nilikuwa nashuka kwenye kitanda siku hizo nikiwa mwepesi. Nilimwambia hata Masanja kwamba mama yangu anasoma.

Kisha ikaja ile Jumapili uliyokuwa umekwenda Isikizya kwenye ubarikio wa mtoto wa mama mdogo. Mama alikuwa peke yake na Neema yuko jikoni. Nikamuuliza kama kawaida. Akasema amefika Mgunda Mkali, lile pori kavu la njia ya pwani.

Unajua Baba alichoandika pale. Sote tunakijua, hata kabla hajakiandika tulikuwa tunakijua. Ni mistari miwili tu: kwamba walipofika Mgunda Mkali bega la Babu lilivimba, akatua mzigo, akarudi Tabora mikono mitupu. Hakuna zaidi. Hiyo ndiyo aibu ya ukoo wetu. Mpagazi wa Kinyamwezi kutua mzigo wa watu njiani, na kurudi nyuma wenzake wakiendelea, ni jambo watu walilolisema mpaka wajukuu. Msibani kwa Baba, siku ya tatu, yule mtani wetu Mzaramo alijitwisha gunia la mkaa, akaja nalo mpaka mbele ya wafiwa, akalibwaga chini akashika bega akilia kwamba ukoo huu hata jeneza watalitua katikati ya njia. Watu walicheka mpaka machozi, na wewe ukacheka, na mimi nikacheka, maana ndivyo msiba wetu ulivyo na mtani ana haki yake. Nilimtazama Mama. Peke yake hakucheka. Nilidhani ni uchungu wa kufiwa.

Sasa nikuandikie alichonisimulia kwenye simu, kama nilivyokisikia. Sauti yake ilikuwa ile ya kusoma, taratibu, neno moja moja.

"Hapa anasema babu hakutua mzigo kwa ajili ya bega. Anasema walipoipita Tura walimkuta mtoto wa kike kando ya njia, miguu imevimba, waliokuwa wakimpeleka pwani wamemwacha. Wenzake waliotangulia walimruka wakapita. Babu akasimama. Bega lililokuwa bado zima lilikuwa moja tu, na juu yake pembe ya tajiri. Akaishusha pembe, akampandisha mtoto."

Nikamwambia endelea, Mama.

"Anasema mtoto hakujua kwao ni wapi. Alijua jina lake tu. Akakulia Tabora, akaolewa, akazaa. Anasema mtoto huyo ndiye bibi yake mkewe." Kisha akaongeza: "Bibi yangu mimi, Kulwa. Mzaa mama."

Doto, kwenye faili langu hayo hayapo. Nilipekua sura yote, kisha kitabu chote, kisha nikachomeka flashi ya Baba nikasoma lile faili la kwanza kabisa alilochapa yule dada. Hayapo. Nilikaa kwenye ngazi za chumba cha kubadilishia nguo, nikajiuliza kama kuna faili jingine ambalo Baba aliliacha na mimi sijui. Nilitamani liwepo. Lakini moyoni nilishaanza kujua.

Nikamwomba Neema anipigie picha Mama akiwa na kibao chake, nikisingizia nataka kuiweka kwenye simu iwe inanifariji. Akanitumia, picha nzuri, Mama amevaa kitenge cha kwaya, kibao kiko mapajani. Nikaikuza pale kwenye kioo. Unajua kimeandikwa nini chini? Mwisho wa faili. Na juu yake ni yale maneno ya mwisho ya sura ya kwanza, sehemu ya kuzaliwa kwa Babu Mihambo. Hakuna msafara, hakuna ngoma, hakuna Mgunda Mkali. Kibao cha Mama kina picha ya Baba ya jalada na sura moja.

Nikampigia yule fundi wako kwa namba uliyonipa. Mtu mwema, wala usimwendee na hasira. Alinieleza alichofanya bila kujitetea. EPUB kumbe si faili moja. Ni furushi: ndani yake kila sura ni faili lake, picha faili lake, na kuna karatasi inayosema ipi ianze ipi ifuate. Alipolichomeka kwenye kompyuta yake, kompyuta ikalifungua furushi, vitu vyote vikamwagika. Akaona mafaili mengi madogo yenye majina ya ajabu, akadhani nimetuma takataka pamoja na kitabu. Akajaribu kufungua moja, akaona maandishi, akafurahi. Akachukua hilo na picha ya Baba akaviweka kwenye kibao, mengine akayafuta ili kibao kisijae. Kisha akamwita Mama, aliyekuwa nawe, akamwonyesha picha ya Baba na ukurasa wa kwanza wenye herufi kubwa. Mama akasoma mstari kwa sauti, wote mkapiga makofi. Kwa hiyo kweli ilikubali.

Hivyo Mama alikwenda nyumbani na kitabu chenye sura moja, akakimaliza, na hakumwambia mtu. Unajua kwa nini, na mimi najua. Mtoto yuko mbali, amehangaika, ametuma, amepiga simu mara kumi kuuliza. Mzazi wetu atasemaje kwamba zawadi haifanyi kazi? Watu wetu ukiwauliza habari watasema nzuri hata nyumba ikiwa inaungua, kisha ndiyo waombe maji. Mama hata maji hakuomba. Akashukuru, wabeja, mwanangu, nasoma, na kila Jumapili akanisimulia kile alichokuwa amekisikia kwa Baba miaka yote waliyoishi pamoja. Nilikuwa namsikiliza Baba mwenyewe, nikidhani nasikiliza kibao.

Nimelia, Doto. Sikufichi. Nimelia kwa huruma, na kwa kujiona mjinga, na kisha kwa jambo jingine ambalo limenichukua siku kadhaa kulielewa. Nalo ni hili.

Baba aliijua habari ya yule mtoto. Haiwezekani Mama aijue kutoka kwa wazee wa kwao na Baba asiijue kutoka kwa wa kwake. Aliijua, na hakuiandika. Unajua ilivyokuwa zamani mtu akiitwa wa kuokotwa njiani, asiye na ukoo. Wajomba zetu walikuwa wakali kwa jambo hilo mpaka tukiwa wadogo tulikatazwa kuuliza bibi yao alitoka wapi. Baba angeweza kuandika aya moja tu na kumsafisha babu yake mbele ya dunia nzima. Badala yake akaandika bega limevimba. Akaacha babu yake mzaa baba abaki mpagazi aliyeshindwa, watani wambeze msibani kwake mwenyewe, ili mkewe asinyoshewe kidole. Hakumwambia mtu. Naamini hata Mama hakujua kwamba ameiacha, maana alikuwa bado hajaliona andiko. Nadhani alijua siku ya lile gunia la mkaa, alipomwona kila mtu anacheka na hakuna aliyesimama kusema neno.

Na sasa yeye ndiye anayesema. Anasema kwa sauti ya kusoma, amemwekea Baba maneno kinywani, kwa sababu hivyo ndivyo alivyoweza.

Tangu Jumapili ile hajaendelea. Nikiuliza anasema kibao kimeisha chaji, au jicho limechoka, au tuongee habari za mvua. Ninaogopa. Naogopa anadhani amesema kilichopitiliza. Naogopa siku ya upasuaji inakuja na ameshakata tamaa ya kusoma, anangoja tu akatwe. Na zaidi ya yote nakuogopa wewe, pacha wangu, usinielewe vibaya. Naogopa utaipata hii kadi, uichomeke kwenye kibao kwa haraka zako, uite kila mtu, useme Mama, Kulwa kagundua kilikuwa na sura moja, sasa kimekamilika, soma. Atafungua. Atakwenda moja kwa moja Mgunda Mkali, na atakuta mistari miwili ya bega. Atajua kwamba mimi nimejua hakuwa akisoma. Na atajua kwamba aliyoyasema hayamo.

Hapa kazini kuna bibi mmoja, Bi Hanna, anakaa na kibao chake dirishani kila siku anafungua kurasa. Mwenzetu mmoja akapita wakati wa chakula, akamwambia mbele ya meza nzima kwamba kimezimika, kioo ni cheusi. Alimwashia, kwa wema kabisa. Bi Hanna akasema ahsante. Hajakigusa tena, na siku hizi haji kula na wenzake, tunampelekea chakula chumbani. Nikimpelekea sinia namwona Mama.

Kwa hiyo nakuomba ufanye hivi, na ukifanya taratibu utaweza, maana mtu anayeweza kuweka kola ya shati la padri hawezi kushindwa na hili. Kibao kiache kilivyo. Kadi itunze. Ndani yake nimeweka kitabu kizima, na programu ya kusomea, na herufi za Baba, vyote vimejaribiwa kwenye kibao cha aina ile ile nilichoazima hapa kazini. Hiyo ni akiba. Ikiwa siku ya upasuaji itafika na mengine yote yameshindikana, ichomeke, umpe asome kilichopo, tutajua la kufanya. Lakini kabla ya hapo kuna jambo moja la kujaribu.

Siku Neema amekwenda sokoni na watoto wako shule, kaa na Mama. Mwambie faili la kwangu huku limeharibika. Si uongo mkubwa, mafaili yameharibika kila upande mwaka huu na yeye ni shahidi. Mwambie nililihamisha kutoka programu moja kwenda nyingine likakatika katikati, pale Mgunda Mkali, na kila ninapolifungua nakuta mistari miwili tu kisha sura nyingine. Mwambie nimetafuta kwenye flashi ya Baba nikakosa. Hilo ni kweli tupu. Kisha weka simu yako mezani, irekodi sauti, na unyamaze. Usimsaidie neno. Akisoma, asome atakavyo, akilia mwache, akisema mengine ambayo hata mimi sikuyasikia, yachukue yote. Akikataa, usimlazimishe, funga simu mwongee habari za mvua. Hilo ni lake kutoa au kuzuia, na mimi sitaandika hata herufi moja bila yeye.

Akikubali, nitumie ile sauti siku hiyo hiyo. Nitaichapa kama alivyoisema, nitaiweka mahali pake kwenye sura, nikutumie faili jipya. Hilo usimpelekee fundi wala usilifungue kompyutani. Litaingia kwenye simu yako jina lake likiishia na epub, lihamishie kwenye kadi kama lilivyo, limefungwa, kisha kadi ndani ya kibao. Kikikuuliza kifungue kwa kutumia nini, chagua ile programu niliyokuwekea, yenye picha ya kitabu cha kijani. Nenda mpaka sura ya mwisho wewe mwenyewe kabla hujamkabidhi. Mpaka ya mwisho, Doto. Usiniandikie imekubali. Niandikie maneno ya mwisho ya kitabu ndipo nitaamini.

Atakapofika hapo atasoma kwa jicho lake, kwa herufi kubwa, maneno yake ndani ya kitabu cha mumewe. Hiyo ndiyo siku ninayoitaka kabla ya ile ya daktari. Sijui kama zitapishana vizuri. Nahesabu mpaka nachanganyikiwa.

Nisalimie wifi yangu Neema, mwambie picha ilinifaa kuliko anavyojua, na mgongo asiutese kwa ndoo. Watoto wagawie chokoleti sawasawa, yule mkubwa asijifanye mgawaji. Mama mdogo wa Isikizya mpe pole kwa shughuli na hongera ya ubarikio. Wajomba wasalimie, lakini habari hii usiwape, itawafikia kitabuni kama itafika. Mwalimu wa kwaya mwambie bado namwimbia sauti ya pili peke yangu nikifua.

Na Mama umpe shikamoo yangu kabla hujamwambia lolote. Kisha mwambie hivi, kwa maneno yangu haya haya: kitabu cha Baba kwangu kina pengo, kibao chake peke yake ndicho chenye ukurasa ule, na Kulwa anaomba amsomee tena, polepole, aandike.

Ni mimi niliyekutangulia kutoka,
Kulwa